Dogo ameitwa Maseno na anataka iPhone, mimi niko na 20k tu

MtuWaFreeArea

Wadau habari za jioni, naomba msaada kabla sijatumiwa picha ingine. Niko na dogo wangu, kitinda mimba wa kwetu Butere, ameitwa Chuo Kikuu cha Maseno na anaripoti mwezi ujao, na simu imeniangukia mimi kwa sababu mzee alisema yeye atashughulika na karo na godoro na hayo mengine. Tangu KUCCPS, wale wa kugawa nafasi za chuo, watoe majina kijana ananitumia picha za iPhone kila siku, asubuhi XR nyekundu, jioni XR ya bluu, hasemi kitu, ni picha tu na ile mikono ya kuomba. Mimi nimetenga 20k. Sio 20k na kitu, ni 20k, na nimeitoa kwa pesa ya kupaka nyumba rangi huku Nakuru.

Jumamosi nikazunguka, Kenyatta Avenue na vile vichochoro vya kuteremka steji, nikapata mambo matatu. Kuna jamaa ako na iPhone XR ya ex-UK, yaani imetumika Uingereza, anataka 21, ati nikija na keshi tutaongea. Kuna Samsung A16 mpya kwa boksi, 20 na mia tano. Halafu kuna ya tatu, mchina fulani sitamtaja jina, mpya, 13,500, kwa boksi imeandikwa RAM 12GB na herufi kubwa kuliko jina la simu yenyewe, na uzito wake ni kama umeshika tofali. Msichana wa duka akaniambia hiyo 12GB inachapa hiyo iPhone mbali sana kwa sababu XR ni 3GB peke yake. Nikabaki nimesimama hapo. Sasa 12 na 3 si ni mara nne, mbona basi yenye 3 ndio ghali na ilitoka 2018?

Mimi si mtu wa simu. Chuo nilimaliza na mulika mwizi na nikapata daraja la pili la juu. Lakini sitaki dogo achekwe huko, na pia sitaki mwaka wa pili anipigie na simu ya mtu ati yake imekufa. Mnaonaje?

OchiengWaDunga

Omera hiyo 20k mnunulie samaki ngege akaangie hosteli miaka yote minne, simu ataibiwa wiki ya kwanza 😂

Sawa nimecheka, sasa hii ni ya ukweli. Yoyote ile utachukua, ukifika nyumbani piga *#06#, ile namba ya IMEI, ya kutambulisha simu yako, iandike kwa kitabu, si kwa hiyo simu yenyewe kama vile mimi nilifanya. Yangu ilinyakuliwa nikiwa kwa dirisha la matatu, kufika polisi naulizwa IMEI nasema iko kwa simu. Afande aliniangalia tu.

Fundi_wa_Kondele

Mkubwa, natengeneza simu hapa Kondele tangu 2009, wacha nikujibu polepole.

Tuanze na hiyo 12GB. Rudi kwa yule dada mwambie afungue setingi, utapata imeandikwa 4+8. Hiyo 4 ndio RAM, ile nafasi simu inafanyia kazi. Hiyo 8 ni nafasi imekopwa kutoka mahali unaweka picha na video, ikavalishwa nguo ya RAM. Chukua mama wa chapati pale soko la Jubilee, meza yake inabeba sahani nne. Mwambie awe na sahani kumi na mbili, hizo nane ataziweka stoo huko nyuma, na kila mteja akiitisha inabidi aende stoo arudi. Chapati itakuja, hakuna mtu amesema haitakuja, lakini wewe utakuwa umeshasinzia. Hiyo simu si mbaya kwa bei yake, ubaya ni hiyo hesabu ya boksi. Linganisha RAM ya kweli na RAM ya kweli. Na ile 3 ya iPhone usiilinganishe na ya Android moja kwa moja, kule mwenye simu na mwenye programu endeshi ni mtu mmoja, amepima kila kitu kulingana na chombo chake na programu usizotumia anazilaza mapema.

Sasa XR. Ni simu nzuri na inanilisha, siwezi kuisema vibaya. Lakini ni ya 2018, na iOS 26, ile programu endeshi ya iPhone iliyotoka 2025, imeiacha nje, XR, XS na XS Max zote zilikwama kwa iOS 18. Haimaanishi itazima kesho. WhatsApp kwa mfano mwezi wa tano 2025 ilianza kutaka iOS 15.1 kwenda juu, na waliokatwa ni wenye 5s na 6, XR haikuguswa. Kwa hivyo maisha bado iko. Miaka minne ndio mimi naona ukungu. A16 ilitoka mwisho wa 2024 na Samsung waliahidi miaka sita ya apdeti, hiyo inaingia 2030, dogo atakuwa amemaliza na anakusumbua na mambo ya kazi.

Ukiamua XR, skiza. Ya kwanza fungua afya ya betri. Ikiandika 100 kwa simu ya 2018 usifurahi, uliza betri ilibadilishwa lini na nani, na ujue pia kuna kimashine kidogo huku mjini kinaandika hiyo namba vile mtu anataka, mimi nimekiona na nimeombwa nikinunue. Ingia kule kwa maelezo ya simu, kama betri si ya kampuni XR itakuandikia haitambui hiyo sehemu. Skrini haitakuambia, hiyo ya kusema skrini imebadilishwa ilianza na iPhone 11, kwa hivyo kwa XR angalia kama True Tone iko, ile ya skrini kujipanga rangi kulingana na mwanga, ikikosekana ujue kioo kimeguswa na fundi, tena fundi wa haraka. Jaribu Face ID na uso wako hapo hapo. Toa kijidroo cha laini, IMEI imechorwa pale, lazima ifanane na ile ya *#06#. Halafu mwambie ariseti simu mbele yako mpaka mwisho, uone inawaka kama mpya. Ikiuliza akaunti ya mtu mwingine, rudisha kwa meza na utembee. Hiyo ni tofali la kweli sasa, hakuna fundi wa kukusaidia na anayekuambia atakusaidia anataka elfu tatu yako tu.

Na risiti, tafadhali. Simu ya wizi ikifuatwa na IMEI inapatikana kwa mfuko wa yule aliinunua, hawatatafuta yule aliuza.

Enyewe mwisho wa Septemba 2012 simu feki zilipoanza kuzimwa nchi nzima, asubuhi nilipata watu wamepanga laini kwa kibanda changu wanataka kunipiga, walidhani mimi ndio nimezima. Tangu hiyo siku nikimuuzia mtu simu nampigia *#06# akiona.

Nyar_Ahero

Niko Maseno mwaka wa tatu na niko na hiyo XR, ya bluu kabisa, so wacha niseme vile inakaa kwa maisha.

Heshima iko, sitadanganya. Mwaka wa kwanza hakuna mtu anajua kwenu ni wapi, wanaangalia simu. Picha ni safi, video ndio safi zaidi, na haikwami. Lakini betri wueh. Yake tangu kiwandani ni 2942 mAh na hizi zingine za siku hizi ni 5000, na yangu ishazeeka iko 79, nikitoka chumbani na mia saa moja asubuhi kufika saa nane nachungulia 25. Natembea na pawabanki mgongoni kama mtoto. Mimi nakaa nje ya shule, chumba kimoja ekstensheni moja, watu wanne, halafu stima ipotee jioni moja ndio utajua marafiki wako ni nani.

Kitu kingine hakuna mtu huwaambia ni hii, lekchara akituma notisi kubwa wenzangu wanarushiana kwa Bluetooth wanamaliza, mimi na iPhone siwezi kurushiana faili na Android hivyo, lazima watume kwa grupu nitumie bando yangu. Ni kitu kidogo lakini inajirudia kila wiki. Na yangu ni 64GB haina mahali pa memori kadi, nafuta picha za mamangu ndio nipate nafasi ya PDF, mnaelewa vile hiyo inauma?

Kama ningerudi nyuma na hiyo pesa ningechukua Samsung. Lakini hiyo nasema sasa nikiwa mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza ungeniambia hivyo ningekununia.

MamaMaziwa_Lanet

Jirani wa Free Area, wacha mimi nikuambie njia ya kutopitia, kwa sababu najua mtu atakuambia chukua ya mkopo ndio hiyo 20k ubaki nayo.

Mimi nilichukua. Dipo 2,500, halafu 70 kila siku mwaka mzima. Sabini ni nini, si ni maziwa kikombe. Hesabu nilikuja kupiga nikiwa mwezi wa nane, binti yangu ndiye alinipigia kwa kalkuleta, 70 mara 365 ni 25,550, weka dipo ni 28,050. Hiyo simu kwa duka hapo mjini ilikuwa 15. Karibu nunue mbili.

Lakini pesa si ndio iliniuma sana. Kulikuwa na wiki mtoto alikuwa mgonjwa nikasahau siku mbili, asubuhi saa kumi na mbili nikipeleka maziwa simu ikajifunga, inaonyesha tu mahali pa kulipa. Na mteja wangu wa hoteli alikuwa amenitumia 1,200 hiyo dakika, ananipigia kelele ati mama mbona hujibu. Yani deni ya mia moja arobaini ilinizuia kuona elfu moja na mia mbili yangu mwenyewe. Nikaenda kwa jirani nikamwomba simu nilipe, ndio ikafunguka.

Na bado siwezi kuitukana sana, kwa sababu hiyo 15 kwa mara moja sikuwa nayo na singekuwa nayo mpaka leo. Lakini wewe uko nayo. Mwanafunzi atatoa wapi sabini kila asubuhi, na siku ya mtihani ijifunge?

MtuWaFreeArea

Wadau asanteni, na mama pole sana.

Leo saa ya lanchi nimerudi mjini na maneno ya fundi kichwani. Nikaanza na yule dada, nikamwambia fungua setingi tuone RAM. 4+8. Nikamwangalia. Akasema "lakini ukijumlisha si ni kumi na mbili?" na hakuwa anadanganya wadau, aliambiwa hivyo na yeye. Tukacheka wote nikatoka.

Nikaenda kwa jamaa wa XR. Afya ya betri 100. Nikamuuliza ilibadilishwa lini, akasema haijawahi kubadilishwa, mzungu hakuwa anaitumia sana. Miaka saba mzungu hatumii simu! Nikaomba ariseti, akasema hapo hakuna Wi-Fi, nikasema nitawasha yangu, akasema itachukua saa nzima na ako na wateja, na wateja hakuna, ni mimi na yule wa kuuza soksi. Nimemwachia.

Kwa hivyo mimi kwa roho yangu nishafika A16. Kilichobaki ni kumwambia kijana. Kuna mwenye ako na maneno matamu ya kumwambia mtu wa miaka 19 kwamba hapati iPhone?

Mwalimu_Bungoma

Hamjambo wote. Mimi nitakwenda kinyume kidogo. Mnabishana simu gani, na mtoto anaenda kusoma. Binti yangu alikuwa Masinde Muliro pale Kakamega, mwaka wa kwanza kazi zote za kuandika alikuwa anaandika kwa simu kisha anapeleka saiba kupangwa na kuchapishwa, nilipokuja kujumlisha zile pesa za saiba nikanyamaza.

Mnunulie simu ya kawaida ya elfu nane au tisa, zinazobaki ziwe mwanzo wa laptopu ya ex-UK. Hizi HP EliteBook ziko tele na ni ngumu. Ila na huko kuna mtego wake, 840 G3 inauzwa rahisi lakini ni ya 2016, prosesa yake haikubaliki na Windows 11, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Tafuta kuanzia prosesa za kizazi cha nane, yaani kama 840 G5. Bei inapanda, najua.

MtuWaFreeArea

Mwalimu umesema ukweli na umeniongezea mzigo. Laptopu labda Desemba, nyumba ishakosa rangi tayari.

BodaYaLurambi

Mulembe wadau. Mimi ya kwangu ni fupi. Kama dogo ni mtu wa kupanda boda au kuendesha wakati wa likizo asiwahi kufunga iPhone kwa usukani. Nilikuwa na XR, nikaiweka pale mbele ndio nione ramani na nipokee wateja, miezi minne kamera ikaanza kutetemeka yenyewe, unaelekeza kwa mtu amesimama picha inacheza isukuti. Nikadhani ni ya kuanguka. Kumbe Apple wenyewe walitoa ilani 2021 ati mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kile kitu ndani ya kamera kinachotuliza mkono. Walisema injini kubwa, na yangu ni ndogo tu, lakini na barabara zetu nafikiri ni hesabu moja. Na jua la saa saba nalo, simu inachemka mpaka inajizima ati ipoe kwanza. Saa hii niko na Android ya 11k imefungwa hapo na mpira wa tyubu, hainung'uniki.

Kwa hivyo mimi nasema Samsung, na asiifunge kwa usukani pia.

kijana_wa_Butere

Bro.

Ni mimi. Nimetumiwa huu uzi na mtu wa darasa letu, na nimejua ni wewe pale kwa mulika mwizi na daraja la pili la juu, hiyo stori umetupatia kila Krismasi.

Sijakasirika. Lakini kuna kitu sijakuambia na wacha niseme hapa kwa sababu kwa simu huwa unaniambia fupisha niko kazini. Hizo picha sikuwa natuma ati nionekane. Tangu Novemba nimekuwa nachukua video za kwaya ya kanisa, halafu wakanipatia harusi moja huko Shianda, halafu matanga mbili. Natumia XR ya Kevo, namlipa mia mbili kwa siku. Kwaya walinipa 1,500 kwa wimbo mmoja na nilipanga mwenyewe kwa simu, kukata na kuunganisha na kila kitu. Ndio maana nataka hiyo simu na sio ingine. Hiyo A16 nimeiangalia, kwa kila kitu ingine ni poa, lakini video yake inaishia 1080p na haina kile kitu cha kutuliza mkono, XR inafika 4K. Ukitembea na bibi harusi ukimfuata hiyo tofauti inaonekana hata na shosho.

Na niko na 6,200 kwa M-Shwari, ile akiba ya kwa simu. Sikusema kwa sababu nilikuwa naogopa utatoa hiyo kwa ile 20.

Fundi asante kwa yale maelezo ya betri, ya Kevo inaandika haitambuliki, sasa ndio nimejua. Na Boda ya Lurambi, ule mchezo wa usukani nimeufanya mara mbili 😭

Nyar_Ahero

Aki huyu mtoto 😂😂 nimebadilisha maneno yangu yote, mpatieni iPhone.

Fundi_wa_Kondele

Haya, hiyo sasa ni stori tofauti, mngeanza nayo. Mtu akinunua jembe unamuuliza kwanza analima nini.

Kijana uko sawa kuhusu video. Lakini piga hesabu ya nafasi. 4K ya fremu 30 inakula karibu MB 170 kila dakika, saa moja ni GB 10 na zaidi. Simu ya 64 ukitoa ile nafasi mfumo umekalia na WhatsApp yako, unabaki labda na 40. Na harusi ya kwetu huku haijawahi kuisha kwa saa nne. Kwa hivyo kazi ndefu chukua na 1080p, hiyo ni MB 60 kwa dakika, 4K uweke kwa zile dakika bibi harusi anaingia. Na uwe na mahali pa kumwagia kila jioni, hapo ndio laptopu ya mwalimu inarudi mlangoni.

Ya pili, mko na 26,200 mkiunganisha. Msichukue XR. Tafuteni iPhone 11. Ni ya 2019, mwaka mmoja tu mbele lakini iOS 26 iliingia kwake, betri ni 3110 mAh, si nyingi lakini unaisikia, na iko na kamera ya pili ya upana, ile ya kwaya yote kuingia kwa picha bila kurudi nyuma mpaka barabarani. Na hiyo ikibadilishwa skrini itasema yenyewe. Hapa Kisumu naziona za 64 ex-UK kuanzia 26 kwenda 29 kulingana na mikwaruzo, kwa hivyo mtabonga bei sana na mtakubali yenye imekwaruzwa mgongo, mgongo hauchukui video. Betri ikiwa chini ya 80 mtoe hiyo kwa bei, kisha muweke ingine nzuri, msiweke ya bei ya peremende.

Mtu yeyote akiwauzia ya Marekani kwa bei ya kushangaza, kwa 11 hakuna shida, lakini siku moja mkipanda kwa 14 na kuendelea mjue za Marekani hazina mahali pa laini, ni eSIM peke yake, ile laini ya ndani isiyo na kadi. Nimeletewa moja wiki jana mwenyewe analia anataka nimtobolee tundu.

MamaMaziwa_Lanet

Mimi nimefurahi tu huyo kijana hakuenda kuchukua mkopo kimyakimya. Na kava nene mnunulieni siku hiyo hiyo, msitoke duka bila kava.

OchiengWaDunga

Na IMEI kwa kitabu. KITABU.

MtuWaFreeArea

Nimesoma nikarudia. Sasa nyinyi watu mngeniambia nini nikiwa hapa kazini macho yananiwasha.

Dogo, Jumamosi natoka Nakuru na gari ya asubuhi, wewe toka Butere mapema, tukutane steji ya Kisumu kabla ya saa saba. Twende kwa fundi kwanza atuonyeshe, hatununui kwa mtu wa barabarani hata akilia. Fundi tukifika Kondele tutaulizia, jiandae, naja na maswali. Hiyo 6,200 ibaki hapo ilipo mpaka tuone bei, nikiweza kubana bei ikae kwa 24, zingine zitakuwa za pawabanki na kava.

Na mzee usimwambie mambo ya M-Shwari, atakumbuka ile mbolea.

kijana_wa_Butere

Asante bro. Kwa ukweli asante. Na kama iko nyekundu?

MtuWaFreeArea

Tutachukua yenye betri. Na ngoja kwanza, uko na elfu sita kwa simu na Jumanne uliniomba 200 ya bando? Hiyo utairudisha.